Picha Nzima ya Mwisho

Lodwar ilikuwa na watu wengi waliozikwa bila jeneza, lakini wachache sana walizikwa bila kupita mikononi mwa Ekeno. Hakuosha maiti wala hakuchimba kaburi. Alikuwa mpiga picha, na kazi yake kubwa, tangu nywele zake zikiwa nyeusi, ilikuwa mkasi. Wafiwa walimletea picha ya zamani ambamo marehemu alisimama na wenzake. Ekeno alikizunguka kichwa kwa ncha ya mkasi, polepole, akilifuata sikio kama anayemnyoa mtoto mchanga, kisha akakibandika juu ya karatasi ya buluu. Hicho ndicho kilichowekwa mbele ya waombolezaji. Mabaki yalianguka sakafuni: mabega ya watu wengine, mikono isiyo na wenyewe, na nyuma yao ukuta. Jioni yalifagiliwa.

Ukuta ule ulikuwa mmoja siku zote. Wazee wengi wa Lodwar walipigwa picha mahali pamoja tu katika maisha yao: mbele ya matao ya monasteri, sikukuu ya Krismasi, na Bruda Anselmi, mtawa mwenye kamera. Watawa wale walikuja mwaka 1961, mkoloni akiwa bado na bendera yake, njaa ikiwa imekwisha kumaliza mifugo. Wakajenga nyumba ya mawe meusi karibu na mto Turkwel, nje kidogo ya mji: ua wa mraba, kisima katikati, na kibaraza cha matao kilichouzunguka ua wote, ili mtawa aweze kutembea akisali bila kuguswa na jua. Hapakuwa na kivuli kingine kama kile hadi Kainuk. Juu ya lango, kwenye tao kubwa, liliwekwa jiwe lenye mwaka.

Aliyelibeba jiwe hilo begani ni baba yake Ekeno. Aliitwa Lomuria. Alikuwa mfugaji hadi ng'ombe wake wa mwisho alipoanguka, akaja kupanga foleni ya unga, akapewa nyundo. Mikono iliyozoea fimbo ikajifunza kuchonga mawe. Alijenga matao yote ya upande wa mtoni. La tatu lilikaa upande, kwa sababu mbao za kulishikilia zilijikunja juani kabla chokaa haijakauka, na mkubwa wa watawa akataka libomolewe. Lomuria akasimama chini yake mchana kutwa na kukataa kuondoka. Likaachwa.

Kila Krismasi watu walipopangwa kwa picha, Lomuria ndiye aliyeshika kitambaa cheupe cha kurudisha mwanga kwenye nyuso zao. Kwa hiyo hakuingia katika picha hata moja. Alikufa kwa homa Ekeno akiwa bado mdogo, akazikwa porini kama walivyozikwa watu wa kawaida, na mchanga ukafanya kazi yake. Ekeno alipotaka kumkumbuka baba yake, alikwenda kulitazama tao la tatu.

Bruda Anselmi ndiye aliyemfundisha kamera. "Rudi nyuma, Ekeno," alikuwa akimwambia. "Rudi tena. Mtu ni mdogo, nyumba ni kubwa. Acha ionekane." Lakini watawa walipozeeka na kurudi kwao, Ekeno alifungua studio, akagundua kwamba hakuna mteja anayetaka kuonekana mdogo. Akawa anasogea mbele. Sura ikajaa karatasi, ukuta ukabaki pembeni kama shuka iliyoanikwa.

Monasteri ikageuzwa ghala la chakula cha msaada. Mwaka mmoja wa ukame, malori yaliposhindwa kupita langoni, tao kubwa lilibomolewa ili yaingie, na jiwe la mwaka likapotelea wapi hakuna anayejua. Baadaye ghala nalo lilihama. Wakabaki popo na mbuzi. Na sasa kiwanja kilikuwa kimeuzwa, kiwe maegesho ya malori yaendayo Juba.

Habari hizo zililetwa na Anab, binti wa Kisomali wa duka la vitambaa pale mjini, aliyesoma mambo ya majengo ya kale na kurudi kufanya kazi katika ofisi ndogo ya urithi. Alimkuta Ekeno uani kwenye monasteri, amekaa penye kivuli cha tao lake.

"Mzee Ekeno, nakuambia ukweli," alisema. "Mimi naliona jengo hili nalia. Lakini wakubwa wangu hawapo hapa. Wao wanaona ghala bovu lenye mlango wa lori."

"Waje walione."

"Hawaji. Wanataka picha. Picha ya zamani, ya jengo likiwa zima, kabla ya mlango huu. Na kama jiwe la mwaka litaonekana, itakuwa bora zaidi."

"Bruda alipiga nyingi."

"Nimewaandikia watawa kwao. Nyumba yao huko imefungwa, masanduku hayajulikani yalipo. Zilizobaki ni zile alizowagawia watu hapa." Akamgeukia. "Na wewe si ndiye mwenye picha Lodwar nzima?"

Ekeno alitazama vidole vyake. Filamu zake mwenyewe zilikwenda na maji Turkwel ilipoingia studio. Lakini kilichomziba mdomo si Turkwel. Alikuwa ameuona mkasi wake, na kuta zote ulizozikata.

Akaanza kuzunguka mji. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Akiru, mjane wa katekista, mtaa wa Napetet.

"Ejok, Ekeno," mama alisema, akashika kifua. "Nani amekufa?"

"Hakuna, mama."

"Wewe hapana kuja kwangu kama mtu hajakufa. Sema tu."

"Natafuta ile picha ya mzee. Ya Krismasi."

"Si hiyo ukutani?"

Katekista alimtazama kutoka kwenye karatasi ya buluu, kichwa kitupu kinachoelea kama mwezi wa mchana.

"Ile kubwa, mama. Yenye matao."

Mama Akiru aliangua kicheko hadi akakaa chini. "Matao! Si ni wewe ulisema ukuta inaharibu sura ya mzee? Mimi nikakuomba uache hata bega ya ndugu yake, ukasema hapana, itakuwa kama mlevi amebebwa. Sasa unataka matao? Nenda uliza ufagio yako!"

Na kila alikokwenda ilikuwa hivyo. Wengine walicheka, wengine walimletea vichwa vyao wakidhani amekuja kuvisafisha. Alikutana na kazi yake ukuta baada ya ukuta. Alikuwa ameukata mji mzima kutoka kwenye jengo lake, mtu mmoja mmoja, kwa upendo na kwa mkono mtulivu. Kwa mmoja alipata kipande kilichosahauliwa nyuma ya fremu: mguu wa nguzo, na kiatu.

Aliyemfungulia njia alikuwa Madut, dereva wa lori, mteja wa picha za leseni.

"Mzee, Kakuma iko mama moja Mnuer wa Sudan, anauza chai," Madut alisema, amekaa wima kwenye kiti cha kupigiwa picha. "Ako na picha ya huku kwenu. Kijana yake amesimama kwa mlango ya mawe. Nzima. Hakuna mtu anaruhusiwa kushika."

"Kwa nini haijakatwa?"

"Atakata aje? Kijana hajakufa."

"Yuko wapi?"

Madut akainua mabega. "Hapo ndipo maneno iko."

Ekeno alimpigia Anab simu. Anab akamwambia afanye haraka: wakubwa wangekaa kikao kesho yake alasiri, na baada ya hapo hakuna kikao kingine kabla ya tingatinga. Ekeno akafunga studio, akatia kompyuta yake katika mkoba, na alfajiri akaondoka na lori la Madut.

Kibanda cha Nyachuol, yule mama wa chai, kilikuwa Kakuma ya Kwanza, sehemu kongwe ya kambi ya wakimbizi, ambako nyumba za udongo zimekaa muda mrefu hadi zimeota miti. Mwenyewe alikuwa mrefu hata alipokaa, mabaka ya uzee mikononi, chale za utoto wake zimefutika nusu kwenye paji la uso. Binti yake, Nyakong, mama wa watoto tayari, ndiye aliyemimina chai. Picha ilining'inia kwenye nguzo, ndani ya mfuko wa plastiki.

Ekeno aliijua kabla hajaifikia. Alijua mwanga wake. Ni yeye mwenyewe aliyeipiga, mwaka ule wakimbizi walipoingia kupitia Lokichoggio, wakati vijana wao walipokuwa wakija Lodwar kupakua magunia. Nyuma ya kijana lilisimama tao kubwa, halijabomolewa, na kupitia ndani yake ulionekana ua, na upande wa mtoni, dogo lakini wazi, tao la tatu lililokaa upande.

"Mimi ndiye niliyempiga mwanao, mama," alisema.

Nyachuol alimshika mkono, akaugeuza, akakitazama kiganja. "Wewe ulimwona na macho? Lony?"

"Nilimwona."

"Alisema nini?"

Ekeno alitafuta. Mwaka ule alipiga mamia ya vijana, na wote walikuwa na uchovu uleule. "Alikuwa mrefu," alisema.

Mama akaitikia kwa kichwa, taratibu, kana kwamba ameletewa salamu. Nyakong akaeleza: Lony alivuka mpaka kurudi kumtafuta baba yao, na tangu siku hiyo hakuna neno. Wazee wa ukoo walikuwa wamechoka kungoja. Walitaka mdogo wake, Nyuon, amwolee Lony mke, watoto watakaozaliwa waitwe wa Lony, jina lisizimike. Ndivyo wanavyofanyiwa waliokufa. Mama alikataa kila mwaka.

"Mtu mzima anaoa mwenyewe," alisema Nyachuol. "Akirudi akute mke, watoto, wanamwita baba, ataniuliza: Mama, ulinizika lini?"

Ekeno alimweleza shida yake: nyumba ya mawe, baba yake, kikao cha alasiri. Alieleza vibaya, akirukaruka, lakini mama alisikiliza kama anayejua kungoja kunavyokuwa. Mwishoni aliitoa picha kwenye plastiki kwa mikono yake mwenyewe, akaiweka mezani.

"Piga na hiyo mashine yako. Lakini watu wa Lodwar nimesikia nyinyi mnakata. Usimkate."

"Simkati, mama."

Aliipiga vizuri, akaiingiza katika kompyuta, akaikuza. Hapo ndipo alipoona. Kichwa cha Lony kilikuwa kimekaa sawasawa juu ya jiwe la mwaka. Lango halikuwa refu, kijana alikuwa kama mlingoti, na mpiga picha alikuwa amesogea mbele, akainama, akamweka katikati, kama alivyofanya kwa kila mteja. Angerudi nyuma hatua chache tu, namba zingekuwa wazi juu ya nywele zake.

Alikaa akiitazama huku chai ikipoa. Jiwe lilikuwepo. Namba zilikuwepo, alijifunza kusoma namba kwa kuzitazama zile. Huo si uongo, alijiambia, nikiondoa kilicho mbele ya ukweli. Na vidole vyake tayari vilikuwa vimeanza. Alikuwa amewaondolea watu mabega, watoto wa jirani, wake wasiotakiwa. Kijana mmoja katika kioo cha kompyuta alikuwa kazi ndogo. Akachukua jiwe kutoka pembeni, akalipeleka katikati. Akachukua giza la ua, akalishusha pale palipokuwa kifua. Kisha akachora mwaka, namba moja baada ya nyingine, kwa umbo lilelile alilolikumbuka, ile moja ya mwisho ikiwa imelala kidogo.

"Mjomba," Nyakong alisema nyuma yake. "Lony ameenda wapi?"

Jina lilimfikia mama pale motoni. Nyachuol akaja, akainama, uso karibu na kioo. Ekeno alichelewa kuifunga kompyuta. Mama alitazama lango tupu, ua nyuma yake, matao yamejipanga kama kawaida. Hakupiga kelele. Alitazama kama mtu anayerudi nyumbani kwake akakuta wenyeji wengine wanakula.

"Kumbe mlango unakaa vizuri bila yeye," alisema.

"Mama, ile yako haijaguswa. Ni hii tu ya kompyuta…"

"Nimeona." Akaichukua picha mezani, akairudisha katika plastiki. "Tuma, ndugu yangu. Saa yako inapita."

Ekeno akatuma.

Kwa majuma mawili mji ulikuwa kimya. Kisha Anab akaja studio, hakuketi. Aliweka karatasi juu ya meza: picha ile, imechapishwa kubwa.

"Kijana aliyesimama hapa ni nani?"

"Kijana gani? Hapo hakuna mtu."

Anab akaweka kidole chini, mbele ya kizingiti. Mchangani kulikuwa na kivuli, kirefu, chenye kichwa, mabega na miguu miwili.

Ekeno akakifuata kwa kidole hadi kizingitini. Maisha yake yote alikuwa amewahamishia watu kwenye karatasi ya buluu, na kwenye karatasi ya buluu hakuna kivuli. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu akiondolewa anaacha kitu chini.

"Kikao kilisimamisha tingatinga hadi picha ikaguliwe, na sasa wamekiona," Anab alisema. "Wameniuliza mbele ya watu kama napika ushahidi."

"Mwaka ni wa kweli, Anab. Wallahi, kama unavyoapa wewe. Kilichokuwa mbele yake ni kichwa tu."

"Kwa nini hukuniletea na kichwa chake?" Sauti yake ilipasuka. "Matao yalitosha, mzee! Lango zima, kibaraza, hata lile lako lililoinama linaonekana. Nilisema jiwe likionekana ni bora zaidi. Sikusema bila jiwe hakuna kitu. Mwaka ningeutafuta kwingine."

"Ninayo. Ile ya kwanza ninayo hapa kwenye kompyuta, sijaifuta."

"Hawataki tena chochote kilichopita kwenye kompyuta yako. Nimewapigia magoti. Wamesema wataangalia karatasi yenyewe, ile ya zamani, mkononi. Ukiipata kabla ya Jumatatu, kabla tingatinga halijaingia, nitaipeleka mwenyewe."

Safari hii Ekeno hakumngoja Madut. Alipofika Kakuma, kibanda cha chai kilikuwa kimefungwa, lakini uani kulikuwa na watu wengi, wanawake wamenyoa vichwa, sufuria kubwa motoni. Moyo wake ulielewa kabla ya macho.

Nyakong alimpokea. Naye alikuwa amenyoa.

"Karibu, mjomba. Tulitaka kukuita, hatukuwa na namba yako. Mama amekubali. Tumemlilia Lony jana. Nyuon ataenda kuongea na wazee wa msichana."

"Amepata habari?"

"Habari gani? Alikaa siku nyingi akiitazama picha, halafu akasema, nyumba ile imemsahau, sasa mimi nimshikilie na nini."

Nyachuol alikuwa ameketi kwenye ngozi, katikati ya wanawake. Mbele yake, imeegemea kikombe, ilikuwa karatasi ya buluu, na juu yake uso wa Lony. Masikio hayakulingana, upande mmoja mkasi ulikuwa umekula shavu.

"Tumefanya kama nyinyi wa Lodwar," mama alisema. "Nyakong alikata. Si ni sawa?"

Ekeno alipiga magoti, akaitazama kazi ile. "Ni sawa, mama," alisema. "Amekata vizuri." Kisha akamgeukia Nyakong. "Na iliyobaki? Ile karatasi ya pembeni. Ukuta."

"Ukuta?" Nyakong alishangaa. "Tuliweka kwa moto. Mama alisema mlango isibaki wazi."

Simu ya Ekeno ililia mfukoni. Alijua ni nani. Aliiacha ikalia hadi ikachoka, ikalia tena, ndipo akaitoa na kusema neno moja: "Imechomwa." Upande wa pili Anab akasema, "Pole, mzee," na ikawa basi.

Hapakuwa na sababu ya kurudi Lodwar haraka. Jumatatu ingekuja yenyewe. Wanaume walikuwa wameketi upande wao, chini ya turubai lililochanika, na mzee mmoja asiyemjua akasogea kumpa nafasi. Ekeno akaketi. Akaletewa bakuli, akala kidogo kwa adabu. Maongezi yalikwenda kwa Kinuer, polepole, kila mmoja akizungumza juu ya mtu wake aliyekwenda asirudi. Kisha yule mzee, kwa kuona macho ya mgeni yamejaa machozi, akamgeukia kwa Kiswahili.

"Na wewe unamlilia nani?"

"Baba yangu."

"Amekufa sasa?"

"Zamani. Aliitwa Lomuria."

Mzee akalirudia jina, akilipima kinywani, akawatamkia na wengine ili walijue. "Alikuwa mtu wa namna gani? Una picha yake tumwone?"

Ekeno akaweka bakuli chini. Alitaka kuwaeleza habari ya tao, namna lilivyoinama, na yule mtu aliyesimama chini yake mchana kutwa ili lisiangushwe. Lakini hawakuwa wamelijua, na wasingeliona kamwe.

"Sina," alisema.

Mzee akaguna kwa huruma, akamsogezea maji ya kunawa mikono.